NANI KASEMA YALIYOPITA SI NDWELE?



Methali hii tumeirithi kwa wazee wetu, na tunaitumia kila mahali: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Tunaitumia mume na mke wanapokosana, ndugu wanapogombea ng'ombe wa marehemu, wanakwaya wanapovutana juu ya sare. Hapo inafaa. Lakini nimeisikia pia ikitumiwa mahali isipofaa hata kidogo, tena ikitoka vinywani mwa watu wanaokomunika kila Dominika, na juu ya jambo hilo sina budi kuandika bila kuficha maneno.

Katika parokia moja ya magharibi mwa nchi yetu, ambayo sitaitaja, kilifanyika kikao cha kumchagua mwenyekiti wa kigango. Likapendekezwa jina la mzee mmoja aliyefundisha katekisimu kwa zaidi ya miaka thelathini. Mjumbe mmoja akasimama, akasema kwa upole kabisa kwamba mzee huyo ni mtu mwema, mcha Mungu, tena ana bidii, "lakini ni mkimbizi." Hakuna aliyeguna wala kushangaa. Jina likaondolewa, kikao kikaendelea na hesabu za harambee. Mimi nilikuwapo, nami nilinyamaza.

Baada ya kikao mzee alinifuata nje. "Baba Padre," akasema, "nilivuka ziwa nikiwa na miaka kumi na mitatu. Wajukuu zangu hawaijui hata njia ya kwenda Burundi. Nitaacha lini kukimbia?" Nilimwuliza kama amewahi kuwasimulia wanakigango jinsi alivyofika huku. Akajibu kwamba alijaribu mara moja tu, usiku wa matanga, na kabla hajafika mbali mtu mmoja akamkata kauli kwa methali ile.

Ndwele ni ugonjwa. Yafaa basi tuulize: ni nani aliyempima mzee huyu akaona kwamba amepona? Aliyemwambia maneno yale hakupoteza baba. Ni rahisi sana kutangaza kwamba ugonjwa umekwisha ukiwa katika mwili wa mwingine.

Sisi wa Tabora, kuliko watu wengine wote wa nchi hii, hatuna haki ya kuitamka methali hiyo kwa wepesi, kwa maana tunaishi juu ya njia. Njia ya misafara iliyotoka Ujiji, ikavuka Malagarasi, ikafika Unyanyembe na kuendelea hadi Bagamoyo, ilipitisha meno ya tembo na ilipitisha watu. Bado tunapumzika chini ya miembe ya njia hiyo. Mgeni akija tunampeleka Kwihara kumwonyesha nyumba alimokaa Livingstone mwaka 1872. Tunajua alikaa pale zaidi ya miezi mitano akiwasubiri wapagazi, tunajua aliondoka Agosti, na tunajua hayo yote kwa sababu mtu huyo aliandika. Je, wale waliopita mbele ya mlango huohuo wakiwa wamefungwa shingoni tunajua nini juu yao? Jina la nani? Kijiji gani? Mama wa nani?

Wala msidhani kwamba hawa wote walikwisha kufa zamani za kale. Utumwa ulifutwa kabisa kisheria katika Tanganyika mwaka 1922. Maana yake ni kwamba watu waliowahi kuwa watumwa waliendelea kuishi miongoni mwetu kwa miongo kadhaa baada ya hapo. Walibatizwa katika makanisa yetu, wakakaa mabenchi ya nyuma, na mapadre wenzangu wa zamani wakawazika. Vitabu vyetu vya ubatizo vina majina yao ya Kikristo. Masimulizi yao havina. Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe, walikuwa na makao ya watoto waliokombolewa pale Kipalapala katika miaka ya 1880, mahali ambapo baadaye vizazi vya mapadre vimefundishwa falsafa na teolojia. Mambo waliyoyaona watoto wale tunayajua kidogo mno.

Yupo mmoja ambaye sauti yake imetufikia. Adrien Atiman alikamatwa akiwa mtoto huko karibu na Timbuktu, akauzwa, akakombolewa na wamisionari, akasomea uganga Malta, kisha akaja na msafara mpaka Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Aliwatibu watu huko tangu mwisho wa miaka ya 1880 hadi alipofariki mwaka 1956. Alisimulia habari zake na zikaandikwa. Kwa ajili hiyo Atiman kwetu ni mtu kamili, mwenye utoto na safari na uamuzi. Wenzake kwa maelfu wamebaki kuwa "watumwa" tu, kama shehena.

Naandika haya kwa sababu kosa hilohilo tunalirudia sasa hivi, nasi hatuna kisingizio cha kutojua kuandika.

Mnamo tarehe 29 Aprili 1972 waasi Wahutu walianza mashambulizi kusini mwa Burundi, hasa sehemu za Rumonge na Nyanza-Lac, wakawaua Watutsi wengi, wanawake na watoto wakiwamo. Hilo lisemwe kwanza, na lisemwe wazi. Kisha serikali ya Rais Michel Micombero, kwa mkono wa jeshi na vijana wa chama tawala, ikawageukia Wahutu wa nchi nzima, na hasa waliosoma. Walichukuliwa walimu, makarani, wauguzi, wanafunzi wa sekondari na wa chuo kikuu, askari, wafanyabiashara. Majina yaliandikwa katika orodha. Mtu aliitwa ofisini kwa amani, akaenda na shati lake la Dominika, asirudi. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kati ya watu 100,000 na 300,000 katika miezi michache. Warundi wenyewe wanauita wakati huo Ikiza, yaani balaa.

Miongoni mwa waliouawa walikuwamo mapadre. Padre Michel Kayoya, mwandishi na mshairi aliyeandika juu ya baba yake na juu ya utu wa Mwafrika, aliuawa Gitega mwezi Mei 1972, akatupwa katika kaburi la pamoja. Tangu nilipojua habari za Padre Kayoya sijaweza kusoma orodha ya majina ya aina yoyote bila kumkumbuka.

Na dunia ilifanya nini? Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, Diallo Telli, alifika Bujumbura mwezi huohuo wa Mei akatamka mshikamano na Rais. Marekani, ambayo ilikuwa mnunuzi mkuu wa kahawa ya Burundi, iliendelea kununua. Waliookoka wakavuka ziwa kwa mitumbwi au wakapita mabonde kwa miguu mpaka Kigoma. Hata huko hawakuwa salama mara moja, kwa maana mwaka 1973 majeshi ya Burundi yalishambulia vijiji vyetu vya mpakani, na Watanzania nao wakauawa. Wakimbizi wakahamishiwa ndani zaidi ya nchi, upande uleule wa njia ya misafara na ya reli iliyoifuata: Ulyankulu katika mkoa wa Tabora mwaka 1972, Katumba upande wa Mpanda mwaka 1973, na Mishamo mwaka 1978, ambako walipelekwa pia wengi kutoka Ulyankulu iliyokuwa imejaa kupita kiasi.

Ulyankulu! Hapo ndipo Mirambo alipokuwa na makao yake. Serikali iliwapa watu hawa msitu, nao wakaufyeka, wakalima mahindi, mihogo na tumbaku, wakajenga makanisa ya matofali. Shirika la Kikristo la Kuhudumia Wakimbizi, ambalo ni la ndugu zetu Walutheri, lilichimba visima na kujenga shule. Katika jambo hilo Walutheri walitutangulia, na si vibaya kukiri. Mwalimu Nyerere alitunukiwa Nishani ya Nansen mwaka 1983 kwa ukarimu wa nchi yetu, nasi tunaona fahari. Fahari hiyo ni halali. Lakini ukarimu wa kumpa mtu jembe usituzuie kuona tulichomnyima. Kwa miaka mingi hakuweza kutoka nje ya makazi bila kibali. Na kwa muda wote huo hakuna aliyemketisha na kumwambia: Mzee, tuambie.

Nasema hakuna, lakini alikuwapo mmoja. Liisa Malkki, msomi kutoka Finland, alikaa Mishamo katikati ya miaka ya 1980 akisikiliza masimulizi ya watu hawa, na kitabu chake kikatoka mwaka 1995. Mama mmoja kutoka Ulaya ya kaskazini alisafiri hadi msitu wa Mpanda kusikiliza jambo ambalo sisi, wenye parokia na vigango na redio, tulilijibu kwa methali.

Jambo hili si la Warundi peke yao. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Tanganyika iliwapokea maelfu ya Wapolandi waliofukuzwa makwao; kambi kubwa kuliko zote ilikuwa Tengeru, karibu na Arusha, na makaburi yao yanatunzwa pale mpaka leo. Wakati huohuo huko kwao Poland, chini ya Wajerumani wa Hitler, Wayahudi walikuwa wakikusanywa kwa orodha, wakisafirishwa kwa magari moshi na kuuawa. Katika Ulaya yote waliuawa Wayahudi wapatao milioni 6. Wachache walitoka wakiwa hai. Na hebu tazameni walivyopokelewa. Mwanakemia Mwitalia Primo Levi alirudi kwao Turin kutoka Auschwitz mwaka 1945, akaandika aliyoyaona. Mchapishaji mkubwa alimkatalia. Mwaka 1947 mchapishaji mdogo akatoa nakala 2,500, nazo hazikuisha kununuliwa. Watu walikuwa wamechoka na vita. Walitaka kuganga yajayo.

Huko Kielce, mji wa Wakatoliki wenzetu nchini Poland, mambo yalikuwa mabaya zaidi. Wayahudi waliookoka walikuwa wamerudi na kukaa katika nyumba moja. Tarehe 4 Julai 1946, vita vikiwa vimekwisha mwaka mzima, ulienea uvumi kwamba wamemficha mtoto wa Kikristo. Umati ukawashambulia, na Wayahudi 42 wakauawa. Watu waliookoka mikononi mwa Hitler waliuawa na majirani waliojua Baba Yetu kwa moyo. Ilimpasa Kanisa kungoja hadi Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, kutamka rasmi kwamba linasikitikia chuki dhidi ya Wayahudi. Na mwaka 1998, wakati wa Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, ambaye alizaliwa Poland, ikatoka hati ya Vatikano inayotuita kukumbuka maangamizi yale. Kanisa lilifika huko kwa sababu waliookoka walikataa kunyamaza, hata walipoambiwa wanachosha watu.

Sasa nijibu wanayoyasema ndugu zangu.

Wanasema kusimulia ni kuchochea. Hoja hii siidharau hata kidogo. Ni kweli kwamba chama cha Palipehutu, kilichokuja kushika silaha, kiliasisiwa Mishamo mwaka 1980 na Rémi Gahutu, katikati ya watu wenye kumbukumbu hizi. Ni kweli kwamba Oktoba 1993, alipouawa Rais Melchior Ndadaye, Watutsi wasio na hatia walichinjwa kwa kulipiza, na kule Kibimba wanafunzi walichomwa moto wakiwa hai. Ni kweli kwamba tarehe 30 Aprili 1997 waasi waliingia seminari ndogo ya Buta, wakawaamuru vijana wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Vijana wakakataa, na 40 kati yao wakauawa pamoja. Waliowaua nao walisema wanalipiza yaliyopita.

Lakini fikirini vizuri. Je, kumbukumbu iligeuka kuwa silaha kwa sababu ilisimuliwa mno, au kwa sababu iliachwa mikononi mwa waliotafuta wapiganaji? Mtu mwenye kidonda atakionyesha kwa yule anayekubali kukitazama. Padre akikataa, katekista akikataa, mwenyekiti wa jumuiya akikataa, atakuja mwenye bunduki naye atakitazama kwa makini sana. Masimulizi yanayotolewa mbele ya altare yana masharti ambayo yale ya msituni hayana: msimulizi anajua kwamba jirani yake anaweza kumsahihisha, na kwamba hataruhusiwa kuanza hadithi Mei 1972 huku akiruka wafu wa Rumonge wa wiki iliyotangulia. Hao nao walikuwa na mama zao. Ushuhuda wa kweli hauchagui maiti.

Wengine wanasema: wamekwisha kupewa uraia, wanataka nini tena? Nawaomba hao wasome habari yenyewe kabla ya kusema. Mwaka 2007 watu wa makazi haya ya zamani waliulizwa wachague kurudi Burundi au kuwa Watanzania. Wengi mno walichagua Tanzania. Mwaka 2010 maombi zaidi ya 162,000 yalikubaliwa. Lakini vyeti havikutolewa. Waliambiwa wahame kwanza, watawanyike katika mikoa mingine, waache mashamba waliyoyafyeka na makaburi ya wazazi wao. Mpango huo ulisimamishwa mwaka 2011, na vyeti vikaanza kutolewa Oktoba 2014, wakati wa Rais Kikwete. Kwa miaka minne walikuwa wameukana uraia wa Burundi, na wa Tanzania hawajaushika mkononi. Serikali ilichelewa, lakini mwishowe ilitenda. Ni jumuiya zetu ambazo mpaka leo hazijatoa cheti chochote. Neno "mkimbizi" lingali linatumika katika vikao vyetu kwa mtu ambaye Jamhuri ya Muungano inamwita raia, na kwa mtoto wake aliyezaliwa Ulyankulu, na kwa mjukuu asiyejua Kirundi. Ukimwita mtu hivyo mbele ya sanduku la kura la kigango, jiungamishe. Nami nimekwisha kuungama kwa kunyamaza kwangu.

Wapo pia wasemao kwamba kila mtu ameteseka. Hao sina la kuwajibu, isipokuwa kwamba wasimulie na wao, tutawasikiliza.

Huko Burundi kwenyewe Tume ya Ukweli na Maridhiano imekuwa ikichimbua makaburi. Mapema mwaka 2020, katika mkoa wa Karusi, ilipata mabaki ya watu zaidi ya 6,000, na mwishoni mwa 2021 ikatangaza kwamba ya mwaka 1972 yalikuwa mauaji ya kimbari dhidi ya Wahutu. Wapo wanaoilaumu kwamba inatazama upande mmoja, na lawama hiyo inastahili kusikilizwa. Hata hivyo mifupa imetoka, na nguo zilizooza, na rozari. Mjane aliyeko Ulyankulu husikia habari hizo redioni, akajiuliza kama mumewe yumo. Jirani yake Mkatoliki wa nyumba ya pili hajui hata kwamba ana swali hilo.

Aliyekuwa na miaka kumi na mitano wakati ule leo anaelekea sabini. Waliokuwa watu wazima tunawazika kila mwezi. Katekista niliyemtaja hapo mwanzo bado yupo, ila macho yamefifia na hawezi tena kusoma somo la kwanza. Tukingoja miaka kumi, tutakuwa na miembe tu, kama ilivyo kwa wale wa msafara.

Kwa hiyo Tume inawaomba viongozi wa jumuiya, kuanzia Ulyankulu na vigango vinavyoizunguka, kisha kwa wenzetu wa Jimbo la Mpanda kama watapenda kuungana nasi, wafanye jambo dogo. Bwana Yesu alipowakuta wale wawili njiani kwenda Emau hakuanza kwa kuwafundisha. Aliwauliza wanazungumza nini, akawaacha wasimulie mauaji yote tangu mwanzo, ingawa yeye ndiye aliyeuawa. Fanyeni vivyo hivyo. Jumuiya iwatembelee wazee nyumbani kwao, si zaidi ya watu watatu, mmoja wao akiwa kijana wa ukoo huo mwenye kujua Kirundi. Asilazimishwe mtu, wapo ambao hawataki, na kunyamaza kwao ni haki yao. Asikatizwe asemaye, wala asihojiwe kama mahakamani. Asiandikwe jina la aliyeua, kwa maana sisi si mahakama, na huenda watoto wake wanaishi nyumba ya tatu. Hata Mtutsi aliyeoa au kuolewa kwetu, aliyepoteza watu wake mwaka 1972 au 1993, aendewe kwa heshima ileile.

Andikeni kwanza jina la mlima alikozaliwa, na parokia alikobatizwa. Kisha njia aliyopita. Kisha majina ya waliokufa, yote anayoyakumbuka, hata ya watoto wachanga. Daftari likae katika ofisi ya parokia, ndani ya kabati moja na vitabu vya ubatizo. Majina hayo yatasomwa katika Misa ya Marehemu wote, tarehe 2 Novemba. Na kama orodha itakuwa ndefu, Misa itaanza saa 12 asubuhi badala ya saa 1.